Mgeni Apewe Jembe, Sawa, Lakini Nani Atamuonyesha Shamba? Venye Ofisi za Kenya Huchomea Wafanyakazi Wapya

Unajua ile furaha ya simu ya HR? Umezungusha CV hadi soli ya kiatu imekuwa nyembamba kama chapo ya kibandaski. Umeacha bahasha kwa soja wa geti kutoka Industrial Area hadi Westlands, umejaza fomu za mtandaoni hadi bando ikaisha. Alafu siku moja nambari usiyoijua inapiga: "Unaweza kuripoti Jumatatu?" Mathe anaita maombi. Ploti nzima inajua. Mabeshte wanaanza kukuita mdosi kabla hata hujaona mlango wa hiyo ofisi.

Sasa songa mbele miezi minne. Huyo huyo msee yuko base, amekalia jiwe, anasema tu, "Waliniambia hatuivani." Hakuiba. Hakutukana mtu. Hakuwa anachelewa. Probesheni ilimmaliza, na ukimuuliza alikosea wapi, hajui.

Hapo ndipo watu wazima huingia na ile stori yao: "Vijana wa siku hizi hawataki kazi, wanataka simu." Sawa, wavivu wako, hatukatai. Lakini kuna swali hakuna mtu huuliza: huyo kijana alionyeshwa kazi na nani?

Hili si jambo dogo, na hesabu zinaonyesha mbona. Kulingana na Shirika la Takwimu la Kitaifa, KNBS, uchumi wa Kenya ulitengeneza kazi mpya zaidi ya 780,000 mwaka 2024. Inasikika fiti, hadi uangalie ndani: karibu tisa kati ya kila kumi zilikuwa za jua kali na biashara ndogo ndogo. Zile za mkataba, payslip na mshahara wa mwisho wa mwezi ni chache kuliko wanaozitafuta. So mtu akizipata alafu azimwage ndani ya miezi mitatu juu hakuna aliyemwelekeza, hiyo ni familia nzima imerudi nyuma. Kuna mdogo wake alikuwa ashaahidiwa fees.

Siku ya kwanza: chai, kusalimiana, alafu kimya

Wacha tuseme ukweli kuhusu siku ya kwanza kwa ofisi nyingi za Kenya. Unafika saa moja na nusu, umepiga pasi hadi soksi. Ripsheni hawana habari zako. Unakalishwa kwa kiti cha wageni hadi saa tatu unusu. Mtu wa HR anakuja akitabasamu, anakuzungusha: huyu ni wa akaunti, huyu ni wa mauzo, huyu ukitaka kalamu ni yeye. Majina ishirini kwa dakika kumi. Ukifika la tano, la kwanza limeshatoka kichwani.

Alafu unapelekwa mahali pa kukaa. Kompyuta bado. "IT wanaitengeneza." Paswodi bado. Meza ina vitu vya mtu aliyeondoka, hadi kikombe chake kiko hapo. Msimamizi wako ako kwa mkutano. Unakaa. Unasoma tovuti ya kampuni kwa simu yako, kwa bando yako. Lunch inafika, wenzako wanatoka kwa makundi yao, na wewe unajifanya hauna njaa juu hujui wanakula wapi na hujui ni bei gani.

Wiki mbili zinaisha hivyo. Alafu wiki ya tatu, ghafla, ripoti inatakikana kesho asubuhi. Ripoti gani? "Ile ya kila mwezi, si unajua." Hapana, hujui. Na hapo ndipo unaanza kuandikwa kichwani mwa mdosi kama "yule mpya mwenye ako slow."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hakuna shida na hiyo. Mtu ameajiriwa kufanya kazi, si kunywa chai. Shida ni kwamba siku hizi mgeni anapewa jembe bila kuonyeshwa shamba liko wapi, mpaka ni gani, na ni magugu gani ya kung'oa. Alafu aking'oa mahindi, anaulizwa kwani alisomea wapi.

Mono wa ofisi

Kama ulisomea bodi, unajua mono ni nani. Alikuwa Form One mpya mwenye sanduku safi, aliulizwa maswali ya ujinga, akatumwa maji, akafulia watu nguo. Na ukiuliza mbona, uliambiwa, "Hata sisi tulipitia."

Sasa angalia ofisi yako vizuri. Nani hutumwa smokie? Nani hufanya ile kazi ya Ijumaa jioni hakuna mtu anataka? Nani hupewa mteja mwenye amechapa kila mtu matusi, alafu wengine wanachungulia wakicheka? Ni yule mpya. Na aliyemtuma ni yule aliyekuwa mpya mwaka jana.

Kuna watu huona hii ni njia ya kumkomaza mtu. Lakini mono wa shule alikuwa na miaka minne ya kuzoea, na hakuna mtu angemfukuza shule juu hakujua njia ya dining hall. Mono wa ofisi anahesabiwa siku. Kila siku anapoteza akiogopa kuuliza, ni siku imetolewa kwa probesheni yake.

Na si wote huingia wakiwa sawa. Kuna yule baba yake alifanya kazi benki, ashajua jinsi ya kuandika imeli, ashajua mdosi akisema "tuongee baadaye" inamaanisha potea. Alafu kuna yule ni wa kwanza kwao kukaa kwa ofisi yenye lifti. Mimi sikumaliza chuo, na naweza kukuambia kuna sheria nyingi za ofisi haziko kwa kitabu chochote. Kuna mkutano unatakikana uongee na kuna mkutano unatakikana uandike tu. Kuna mtu kwa organogramu ako chini lakini asiposign yeye, hakuna kitu kinasonga. Usipoambiwa hizo vitu, utaonekana mjinga, na kumbe wewe ni mgeni tu.

Probesheni: sheria inasema nini

Hapa wengi hulala, so tufungue macho. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 42, inasema probesheni isizidi miezi sita. Mwajiri anaweza kuongeza mingine isiyozidi sita, lakini lazima wewe ukubali. Ikipita hapo, hakuna tena. Yule mdosi amekuweka "probesheni" mwaka wa pili, hiyo ni stori ya jaba.

Kipindi hicho kikiendelea, mkataba unaweza kukatwa kwa notisi ya siku saba tu, ama ulipwe mshahara wa siku saba uende. Siku saba! Mwenye nyumba mwenyewe hukupea muda zaidi ya huo. Ndio maana namna mtu anapokelewa si mambo ya keki na maua. Ukiwa na siku saba kati yako na msoto, kila wiki wanakuacha bila kompyuta ni wiki ya maisha yako.

Kwa miaka mingi sheria pia ilisema mtu wa probesheni hana haki ya kusikizwa kabla ya kufutwa, kinyume na mtu aliyethibitishwa. Mwaka 2021, majaji watatu wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi walisema hiyo sehemu inaenda kinyume na Katiba. Mtu ni mtu, awe amekaa wiki tatu au miaka mitatu. Kama unamfuta kwa kazi mbaya, mwambie ni kazi gani mbaya na umpe nafasi ya kujibu.

Sasa fikiria hiyo hukumu kwa macho ya mdosi. Utamwambiaje mtu alifanya kazi vibaya kama hakuna siku uliwahi kumwandikia kazi yake ni ipi? Ukienda mbele ya jaji na faili tupu, utasema nini? Mdosi anayemwelekeza mgeni vizuri na kuandika anajilinda hata yeye.

Mkataba nao? Kazi ya miezi mitatu kwenda juu lazima iwe na mkataba wa maandishi. Maelezo ya kazi, mshahara, saa na likizo yanafaa kukufikia ndani ya miezi miwili tangu uanze. Na kama huelewi lugha ya huo mkataba, sheria inasema mwajiri ahakikishe umeelezewa kwa lugha unayoelewa. Kiingereza cha mawakili kinatesa hata walio na digrii, so kuomba kuelezewa si aibu. Alafu shika hii: mkifika kortini na mwajiri hana mkataba wa maandishi wa kuonyesha, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha yale masharti unayodai unamwangukia yeye.

Kuna kingine cha vyeti. Ile ya kuambiwa uje intavyu ukiwa na good conduct ya DCI, kibali cha HELB, cha CRB, cha EACC na cha KRA, kila moja na pesa ama foleni yake, na hata kazi hujapata. Sheria ilirekebishwa mwaka 2022: mwajiri hafai kukudai hivyo vibali kama hana nia ya kuandikiana mkataba na wewe. Kwanza wakuchague, vibali baadaye.

Mwezi wa kwanza unajilipia mwenyewe

Hii ndiyo sehemu wadosi wengi wamesahau, juu wao wako na gari. Mtu mpya anafanya kazi mwezi mzima kabla aone shilingi. Piga hesabu ya chini kabisa. Fare soo kwenda, soo kurudi, siku 22: hiyo ni Ksh 4,400. Lunch ya chapo madondo Ksh 150 kila siku: Ksh 3,300. Jumla ni Ksh 7,700, na hatujanunua viatu, hatujaguza rent, hatujatuma kitu ocha. Hiyo pesa inatoka kwa mtu ambaye juzi alikuwa hana kazi.

So anaingia Fuliza. Ikijaa anaingia zile apu za mkopo zinazopigia hadi shosh wako simu. Alafu mshahara unafika, robo ashakula nyuma. Na akiwa ameanza kazi tarehe 22, anaweza kupata kumbe orodha ya mishahara hufungwa tarehe 20, so angoje mwezi ujao. Hakuna mtu alimwambia. Alikuwa ashaahidi landlord.

Kwa mdosi, hii ndiyo dawa rahisi kuliko zote: mwambie mapema. Siku ile unampa barua ya kazi, mwambie mshahara huingia tarehe ngapi, orodha hufungwa lini, na kama kuna advansi ya fare. Kampuni yenye wafanyakazi hamsini haiwezi kufilisika kwa kumpa mgeni Ksh 5,000 na kuikata mwisho wa mwezi. Lakini huyo mgeni anaweza kuacha kuja juu ya hiyo tu, na wewe useme hana nidhamu.

Alafu kuna mshtuko wa payslip. Uliambiwa mshahara ni Ksh 30,000. Kichwani ukagawanya thelathini: keja, fare, mathe, kitu kidogo cha wikendi. Kwa viwango vya 2025, NSSF inachukua 1,800, SHA inachukua asilimia 2.75 ambayo ni 825, nyumba za bei nafuu asilimia 1.5 ambayo ni 450, na KRA inabeba kama 731 ya PAYE. Unabaki na takriban Ksh 26,190. Karibu elfu nne zimepotea kwa bajeti yako, na haukuibiwa na mtu. Dakika kumi za mtu wa akaunti siku ya kwanza zingekuokoa usiku mzima wa kukosana na HR.

Na ujue pia, sick off ya kulipwa kwa sheria huanza ukishafanya kazi miezi miwili mfululizo. Ndio unaona wasee wapya wakikohoa kwa dawati wakisema wako poa. Hawako poa. Wanaogopa.

Pahali mgeni anaweza kuumia

Tumeongea ofisi sana, lakini wengi hawaajiriwi ofisini. Wako kwa viwanda vya Athi River, kwa mjengo, jikoni za mahoteli ya Mombasa, kwa stoo za supamaketi. Huko, mtu asipoelekezwa, hachelewi ripoti. Anapoteza kidole.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya 2007, inamtaka mwajiri atoe maelezo, maelekezo na mafunzo ya kumlinda mfanyakazi. Kumwambia kijana "angalia venye huyo anafanya" mbele ya mashine ya kukata vyuma si mafunzo. Wa kumuonyesha kwanza swichi ya kuzima ni wewe. Ya kuwasha atajifunza baadaye.

Na kuna hatari nyingine haina mashine. Mgeni ndiye rahisi kunaswa na msimamizi mwenye tabia chafu. Ile ya "confirmation yako iko kwa mikono yangu, tutoke wikendi tuongee." Sheria ya Ajira, kifungu cha 6, inaita hiyo dhuluma ya kingono, na mwajiri mwenye wafanyakazi 20 ama zaidi lazima awe na sera ya maandishi inayosema utaripoti kwa nani. Swali langu kwa kila kampuni: mtu wenu wa wiki ya kwanza anajua hiyo sera iko wapi? Kama iko kwa faili ya HR na HR ni beshte ya huyo msimamizi, hamna sera. Mna karatasi.

Kumbe mathree zinajua

Sasa ushangae. Watu huona matatu ni vurugu tupu, lakini ukitaka kuona mgeni akifunzwa kazi, panda mathree. Kijana hapewi gari na abiria siku ya kwanza akaambiwa "jisort." Anaanza kama squad. Anashikia kondaa mzoefu trip moja, mbili, huyo akienda kula. Anajifunza stage, anajifunza fare ya mvua na ya jua, anajua abiria gani atakusumbua na chenji. Makosa yake ni ya trip moja, hayawezi kuzamisha siku nzima. Akishika rada, anaongezewa.

Nenda Kamukunji kwa wale mafundi wa kugonga masanduku na majiko. Kijana mpya anaanza kwa kushikilia bati na kunyoosha vyuma. Anaona kazi ikianza hadi ikiisha, mara mia. Fundi ako hapo hapo, hatua mbili kutoka kwake. Akikosea, anaambiwa saa hiyo hiyo, pengine na tusi juu, lakini anaambiwa.

Sisemi jua kali ni mbinguni. Huko hakuna mkataba, hakuna SHA, na hilo tusi si mshahara. Lakini wana vitu vitatu ofisi nyingi zenye zulia hazina: kuna mtu mmoja anayejulikana kuwa mwalimu wako, unaanza na kazi ndogo ya kweli, na kosa lako linasemwa siku limefanyika, si mwezi wa tano kwa barua.

Mdosi, kama unasoma hii

Hauhitaji konsaltanti wala hoteli ya Naivasha. Fanya hivi:

*Kabla afike.* Kompyuta, paswodi, kadi ya geti na meza ziwe tayari. Toa hicho kikombe cha mtu aliyeondoka. Mwambie soja jina la mgeni. Mtumie mesej Ijumaa: aje saa ngapi, avae nini, amuulizie nani, lunch watu hula wapi.

*Siku ya kwanza.* Mpe mtu mmoja wa kuuliza maswali, na asiwe wewe. Mtu hawezi kumuuliza mdosi choo kiko wapi ama mbona printa inagoma. Na huyo mwelekezi mpunguzie kazi kidogo hizo wiki mbili, la sivyo atamwona mgeni kama adhabu.

*Wiki ya kwanza.* Mpe kazi moja ndogo ya kweli, yenye anaweza kumaliza kabla ya Ijumaa. Hakuna kitu humtuliza mgeni kama kuona kitu amefanya kikitumika.

*Mwisho wa mwezi wa kwanza.* Kaeni chini nusu saa. Mwambie mambo mawili anafanya vizuri na moja la kurekebisha. Andika. Muulize pia yeye nini kinamkwaza. Rudieni mwezi wa pili na wa tatu. Ikifika siku ya kuamua, hakuna mtu anashtuka.

Na mwandikie kwa karatasi moja utampima na nini. Kama ni mauzo, tageti ni ngapi. Kama ni wateja, malalamiko mangapi ni mengi. Mtihani wenye mwanafunzi hajui somo ni gani, hata akianguka haujapima kitu.

Ukiona hii ni kazi nyingi, kumbuka mbadala wake. Ukimfuta, unatangaza tena, unasoma CV mia tena, unafanya intavyu tena, na wateja wako wanahudumiwa vibaya hiyo miezi yote. Alafu unaleta mwingine, unamkalisha kwa kile kiti kile.

Na wewe mwenye ulimkuta hapo

Mdosi asipofanya, wewe unaweza. Haikugharimu chochote kumwambia mgeni, "Twende lunch, sisi hula kwa mathe wa kona, bei ni mbao mbao." Haikugharimu kumnong'onezea kwamba ripoti ya mwezi hutakikana tarehe 25 na mzae wa akaunti hapendi kupigiwa simu asubuhi. Watu hufikiria wakimsaidia mpya atawachukulia nafasi. Manze, kama nafasi yako inaweza kuchukuliwa na mtu hajui choo kiko wapi, shida si yeye.

Mwongezeni pia kwa ile grupu ya WhatsApp. Si ile rasmi ya kutuma salamu za birthday. Ile nyingine. Mnajua.

Mgeni, maswali matano ya kubeba

Usingoje kuokolewa. Wiki ya kwanza, uliza haya bila kuogopa, na jibu uliandike tarehe:

Moja, mkataba wangu nitaupata lini, na probesheni inaisha tarehe gani? Mbili, mshahara huingia lini na makato ni yapi? Tatu, baada ya miezi mitatu, ni nini kitafanya mseme nimefanya vizuri? Nne, nikikwama na wewe hauko, nimuulize nani? Tano, mtu aliyekuwa hapa kabla yangu aliacha kazi gani haijaisha?

Hilo la tano ni moto. Likijibiwa kwa macho chini, utajua umeingia kwa nyumba gani.

Na weka rekodi. Kompyuta ikichelewa, tuma imeli fupi ya heshima: "Habari ya asubuhi, nakumbusha kuhusu kompyuta, nitashukuru." Usiandike kwa hasira. Siku ukiambiwa ulikuwa slow, hizo imeli ndizo zitaongea kwa niaba yako, na zina tarehe.

Uliza pia mara moja, sikiza vizuri, uandike. Kuuliza si shida, hata kuuliza mara mbili. Ukiuliza kitu kile kile mara ya tano, hapo hata mimi nitakuona umezubaa.

Wanasema probesheni ni ya kampuni kukupima. Ni kweli, lakini mizani iko na pande mbili. Hiyo miezi ndiyo wewe pia unaona kama hawa watu hulipa kwa wakati, kama mdosi hutukana, kama waliokaa miaka kumi wanafanana na watu wazima wenye amani ama wafungwa. Wengi wetu tumesota sana hadi tunasahau kuangalia upande huo.

Jumatatu hii kuna msee atafika mahali unafanya kazi na shati mpya, amekaa kwa kile kiti cha ripsheni akishika bahasha kwa mikono miwili. Ametoka nyumbani saa kumi na moja juu aliogopa jam. Simama, muulize jina, muonyeshe maji ya kunywa yako wapi. Shamba linaanzia hapo.